Kamba Imara Haitoshi: Kagua Pale Inapofungwa Kabla ya Kupanda Mti

Katika vijiji vingi vya Butere, mikaratusi, migrevilea, miembe na miparachichi hukua hatua chache tu kutoka nyumbani. Mvua za masika zinapokaribia, mwenye boma huhofia tawi lisiangukie paa, na kijana wa kijijini huitwa apande alikate. Mara nyingi huja na panga au msumeno na kamba ya kuteremshia matawi, lakini yeye mwenyewe hujishikilia kwa mikono na miguu. Akiteleza, hakuna kinachomzuia.

Hata anayejifunga kamba hayuko salama ikiwa mahali ilipofungwa ni dhaifu. Mahali hapo ndipo nanga ya kamba. Nanga ikivunjika, kamba, mkanda na mpandaji huanguka pamoja.

Kuchagua nanga

Kazi huanza chini. Zunguka mti ukitazama majani yaliyokauka juu, nyufa, mashimo, uyoga shinani, dalili za mchwa na udongo ulioinuka kwenye mizizi. Mti uliooza, uliopigwa na radi au unaoinama upya usipandwe.

Nanga nzuri ni panda, yaani pale tawi nene na bichi linapoungana na shina. Tawi liwe na unene wa sentimita 10 au zaidi, na kamba ikae karibu kabisa na shina, izunguke shina lenyewe ikiwezekana. Usiitundike katikati ya tawi. Matawi ya mgrevilea na mparachichi hukatika kwa urahisi, hivyo yahitaji uangalifu zaidi. Panda yenye ufa au gome lililobanwa ndani isitumike.

Kufunga juu au chini?

Kamba inaweza kuzungushwa na kufungwa juu kwenye shina. Hapo nanga hubeba uzito wa mpandaji mmoja. Inaweza pia kupitishwa juu ya panda, kisha ncha yake ifungwe chini ya mti. Njia hii ni rahisi, lakini huongeza mzigo: mpandaji wa kilo 70 huvuta upande mmoja, na upande wa pili huvuta karibu kiasi hicho hicho kumzuia. Panda ya juu hubeba karibu kilo 140, hata kabla ya mshtuko wowote. Isitoshe, panga la msaidizi likiigusa kamba ile ya chini, mpandaji ataanguka.

Kwa njia yoyote, jaribu nanga kwanza. Watu wawili waliovaa kofia ngumu waivute kamba kwa uzito wao wote, huku wakisikiliza na kutazama juu. Ikilia au kuyumba vibaya, tafuta nyingine.

Ukiwa juu

Tumia kamba iliyotengenezwa kwa kubeba watu na mkanda wenye vitanzi vya mapaja. Kamba ya katani, ya kufungia ng'ombe au ya kuvutia gari haifai. Kamba yenye mkato, iliyoungua au iliyomwagikiwa na asidi ya betri isitumike tena kupandia.

Nanga ibaki juu yako na kamba isilegee, kwa sababu kamba iliyolegea humwacha mtu aanguke kwanza kabla ya kumkamata kwa kishindo. Unapokata, jifunge mara mbili: kwa kamba ya kupandia na kwa kamba fupi inayozunguka shina. Ukikata moja kwa bahati mbaya, ya pili itakushika. Usijifunge kamwe kwenye tawi unalolikata.

Usifanye kazi peke yako. Msaidizi abaki chini, mbali na matawi yanayoanguka, akijua jinsi ya kumteremsha aliyejeruhiwa. Mtu aliyezirai akining'inia kwenye mkanda anaweza kufa akicheleweshwa. Piga simu 999 au 112.

Mti ukigusa au ukikaribia nyaya za umeme, usipande. Piga simu kwa Kenya Power, 97771.

Wajibu wa mwenye kazi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mahali popote watu wanapofanya kazi, iwe ya muda au ya kudumu. Mwajiri anatakiwa kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na kifo kazini lazima kiripotiwe kwa afisa wa usalama na afya kazini ndani ya saa 24.

Kwa hivyo, kabla ya kupatana bei, mwenye boma aulize mambo matatu: kamba yako ni ya aina gani, utaifunga wapi, na nani atakuwa chini? Asiye na majibu asipande, hata kama bei yake ni nafuu.