Vita vya Maji Maji: Nani Atusimulie?

Wajukuu zangu, sogeeni. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, karibu na Kilwa, watu waliingia shamba la pamba la watawala wa Kijerumani wakang'oa miche. Hakuna barua iliyoandikwa wala tarumbeta iliyopigwa. Miche ile ndiyo iliyotangaza vita. Moto ukaenea kusini kote mwa Tanzania ya leo, na haukuzimika kabisa hadi 1907.

Kwa nini waling'oa? Maofisa wa Kijerumani walijibu: ni uchawi. Kweli, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa, na watu wakaamini risasi zitageuka maji. Lakini mwanahistoria haridhiki na shahidi mmoja, hasa shahidi mwenye bunduki.

Ndiyo maana mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda vijijini kuketi na wazee walioikumbuka vita ile. Wazee hawakuanza na uchawi. Walianza na pamba: kulimishwa kwa nguvu, viboko vya maakida waliowatumikia Wajerumani, malipo yasiyofaa kitu, na mashamba yao wenyewe kubaki bila palizi. Dhuluma ndiyo iliyowasha vita; maji yaliwapa watu wa makabila mengi moyo wa kusimama pamoja.

Moyo huo ulipimwa Mahenge tarehe 30 Agosti 1905. Maelfu ya wapiganaji walilikabili boma la Wajerumani lenye bombomu, bunduki imwagayo risasi mfululizo. Walianguka kwa mamia, na wenzao wakazidi kusonga mbele.

Baadaye waasi walipoacha kushambulia maboma na kuanza kuvizia msituni, Wajerumani nao walibadili mbinu: walichoma mashamba na maghala. Njaa ikaua wengi kuliko risasi. Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyewasikiliza wazee hao kwa makini, alikadiria kuwa walikufa watu kati ya 250,000 na 300,000.

Basi mkisoma habari za vita vyovyote, msiishie kuuliza nani alishinda. Ulizeni watu walitendewa nini hata wakakubali kufa. Ulizeni nani aliandika na nani hakuulizwa. Tena ulizeni: bunduki ziliponyamaza, mama na watoto walikula nini?