Mtoto Njiti na Kifua cha Mama Yake

Alhamisi moja, baada ya swala ya Isha, mzee wa mtaani kwetu alinisubiri kwenye baraza ya msikiti hadi nilipofunga daftari la michango. Binti yake alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mimba ikiwa na wiki 31. Mtoto alikuwa na uzito wa gramu 1,400 na alipumua kwa taabu. "Katibu," aliniambia, "wamemtoa kwenye mashine ya joto, wamemrudisha kifuani kwa mama yake. Hiyo maana yake wamekata tamaa. Kesho mtutangazie mchango, tumhamishie hospitali yenye mashine."

Nilimwomba twende kwanza tukaulize. Asubuhi tulimkuta muuguzi wa wodi, mama wa makamo, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamjibu kwa upole: "Mzee wangu, hayo unayoyaona ndiyo matibabu yenyewe. Na hewa yake bado anapewa." Kweli, puani mwa mtoto mlikuwa na mipira midogo, na ncha ya pili ya mpira ilizama katika chupa ya maji iliyokuwa ikitoa mapovu. Mtoto mwenyewe hakuonekana, isipokuwa kofia yake ndani ya khanga.

Nimeona niandike haya kwa kuwa dhana ya mzee yule si yake peke yake. Wapo wengi waaminio kwamba mtoto njiti kukaa kifuani ni huduma ya maskini, inayotolewa pale mashine zinapokosekana. Dhana hiyo ina chanzo chake. Njia hii, iitwayo ya kangaruu kwa mfano wa yule mnyama abebaye kichanga chake mfukoni, ilianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Colombia, na daktari Edgar Rey Sanabria. Hospitali yake ilielemewa. Watoto walichangia mashine, maambukizi yakasambaa, na vifo vikawa vingi. Akawakabidhi akina mama watoto wao, ngozi kwa ngozi. Ni kweli, basi, kwamba ilizaliwa katika uhaba. Lakini yaliyofuata yaliitoa huko.

Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa huu: mtoto mdogo mno atengwe kwanza kwenye mashine, apumue vizuri, atulie, ndipo apewe mama yake. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, hapa kwetu ikiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliuliza swali jepesi: vipi kama hatungoji? Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na gramu 1,799 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifuata utaratibu wa zamani. Jingine liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na kukaa huko takriban saa 17 kwa siku, huku likipewa tiba nyingine zote. Katika siku 28 za mwanzo, walifariki asilimia 15.7 ya kundi la kwanza na asilimia 12 ya kundi la pili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine jambo ambalo manufaa yake yalikwisha kudhihiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kukumbatiwa kuanze mapema iwezekanavyo, na kuwe kati ya saa 8 na 24 kwa siku.

Sasa, kifua kinahusianaje na pumzi? Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa, na ndani yake hutandazwa utelezi unaovizuia visigandamane kila mtoto anapotoa pumzi. Utelezi huo hukamilika mwishoni mwa mimba. Njiti huzaliwa kabla haujatosha. Kila pumzi kwake ni kazi ya kufungua upya kilichojifunga. Ndiyo maana utamwona pua zikipanuka, mbavu zikibonyea, na kumsikia akiguna. Isitoshe, sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua nayo haijakomaa, hivyo anaweza kusahau kupumua kwa sekunde 20 na zaidi, hata akabadilika rangi.

Mtoto wa namna hii akipatwa na baridi, mwili wake hutumia hewa nyingi zaidi ili kujipasha joto, na hewa hiyo ndiyo asiyokuwa nayo. Kifua cha mama humwondolea mzigo huo. Joto ni la kudumu, mapigo ya moyo hutulia, naye akinyamaza kupumua mama huhisi upesi na kumsugua mgongo kabla muuguzi hajavuka wodi. Yale mapovu ya chupani yalikuwa na kazi yake pia: maji huzuia hewa isitoke ovyo, msukumo mdogo ukabaki mapafuni, vifuko visijifunge. Mambo mawili haya hufanya kazi pamoja. Kifua hakichukui nafasi ya oksijeni wala dawa. Na mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe kabisa, au anayepumuliwa na mashine, huyo uamuzi wake ni wa daktari.

Namna ya kumweka ina adabu zake, na hapa ndipo familia hukosea. Mtoto huvuliwa nguo zote isipokuwa nepi, kofia na soksi. Husimamishwa wima katikati ya matiti, kifua chake juu ya kifua cha mama, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa hugeuzwa upande mmoja na kuinuliwa kidogo, kwani shingo ikijikunja kidevu kikagusa kifua, njia ya hewa huziba. Khanga hufungwa imara hadi usawa wa sikio, ila isibane tumbo, maana kichanga hupumua kwa tumbo. Mama akilala, aegemee mito, asilale chali kabisa. Maziwa hukamuliwa, na mtoto asiyeweza kunyonya hupewa kwa mpira au kikombe kidogo.

Nije kwenye yetu. Bibi wa mtoto alikuwa na maswali, nami nayaheshimu kwa sababu yanatokana na kupenda dini. La kwanza ni tahniki, yaani kumlambisha mtoto tende. Ni sunna njema, lakini njiti asiyeweza kumeza anaweza kuivuta mapafuni. Isubiri, daktari aseme. Kunyoa nywele siku ya saba nako, mtoto akiwa bado wodini, ni kumvua kofia katika siku ambazo hata upepo wa dirishani unamdhuru. Inaweza kuakhirishwa, kama akika inavyoakhirishwa. Adhana sikioni haina tatizo lolote. Lakini moshi wa ubani na udi katika chumba cha mzazi wakirudi nyumbani, hilo nasema bila kusita: chetezo kitolewe nje. Mapafu yale hayauwezi moshi, uwe wa udi, wa mkaa au wa sigara ya mjomba.

Ama haya ya kukaa kifua wazi, blauzi yenye vifungo mbele na khanga pana hutosha kumsitiri mama, nasi wanaume tubishe hodi. Na saa 17 si jambo la mtu mmoja aliyetoka kujifungua, pengine kwa upasuaji. Bibi, shangazi, na baba mwenyewe wanaweza kupokezana. Nimesikia vijana wakicheka kwamba baba kubeba kichanga kifuani ni kujidhalilisha. Nikiri kwamba nami, kabla ya asubuhi ile, sikuwa nimewahi kumwona mwanamume akifanya hivyo. Yule mkwe wa mzee wetu, fundi seremala, alikuwa ameketi pembeni akisubiri zamu yake, shati limefunguliwa vifungo, mikono ameiosha hadi viwiko.

Familia ikisharuhusiwa kwenda nyumbani, kukumbatia kunaendelea mpaka mtoto afikie kama kilo mbili na nusu, au aanze mwenyewe kujinyonganyonga akitaka kutoka. Akiacha kunyonya, akiwa wa baridi, akiguna, midomo ikiwa ya buluu au pumzi ikikatika, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku.

Ijumaa ile mchango ulitangazwa vilevile, ila si wa kumhamisha mtoto. Ulikuwa wa nauli ya bibi na shangazi ya kila siku, chakula cha mama wodini, na khanga. Muuguzi alituambia kwamba akina mama wengi hufika na doti moja tu, ikichafuka hawana ya kubadilisha. Mwenye khanga laini zilizofuliwa na kupigwa pasi anaweza kuziacha ofisi ya msikiti baada ya Alasiri.