Bakuli la Jirani wa Guangzhou

Binti wa ndugu yetu alijifungua mtoto wake wa kwanza katika mji wa Guangzhou, kusini mwa Uchina, ambako mumewe hushughulikia mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu. Mamake hakupata viza. Basi msichana aliyelelewa katika nyumba ambayo mzazi hakosi wanawake watatu wa kumzunguka, akaingia katika arobaini yake peke yake, ghorofa ya kumi na nne, hana wa kumkanda kwa maji moto wala wa kumkorogea uji wa pilipili manga.

Siku ya kumi na mbili mlango ukabishwa. Alikuwa ni bibi wa makamo wa nyumba ya pili, ameshika bakuli kwa mikono miwili. Harufu ya tangawizi na siki ikatangulia kuingia. Binti yetu akalipokea kwa furaha, akafunua kifuniko, akaona mayai, akaona vipande vinene vya tangawizi, na kati yake miguu ya nguruwe na kwato zake. Akalirudisha bakuli mikononi mwa mwenyewe na kufunga mlango. Usiku ule akatupigia simu Mombasa.

"Ami, nifanyeje?"

Nasi, tulio na mazoea ya kujibu maswali baina ya Magharibi na Isha, tukamjibu upesi: asile kitu chochote kitokacho mlango ule. Tulipokata simu, mwenzetu wa nyumbani, aliyekuwa akichagua mchele pembeni, akasema bila ya kuinua macho, "Bwana, bakuli umelijibu. Jirani hukumjibu."

Neno hilo tulikwenda nalo Uchina mwezi wa Oktoba, tulipofuatana na jamaa waliokuwa wakienda kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya mji ule. Mkwe wetu alitupokea, na katika mambo ya mwanzo aliyotueleza ni kuwa bibi yule hamsalimu tena katika lifti.

Tulimwuliza habari ya chakula kile. Akatueleza kuwa watu wa mkoa wa Guangdong humpikia mzazi miguu ya nguruwe kwa tangawizi nyingi, siki nyeusi tamu na mayai, ili arejewe na nguvu, na kwamba huo ni upendo mkubwa kupelekewa. Kwao mzazi hukaa ndani mwezi mzima. Asiguse maji baridi, asipigwe na upepo, na wako wasiomruhusu hata kuosha nywele. Tukastaajabu. Ukiitoa nyama ile katika sufuria, basi bibi yule ni nyanya zetu wa Kibokoni watupu.

Nyumba zao hazina baraza wala ua. Kuna mlango wa chuma, na nje yake viatu vimepangwa. Mgeni huvua vyake na kupewa champali za ndani, hata akiwa fundi aliyekuja kutengeneza bomba. Nguo huanikwa katika vyuma vilivyotokeza dirishani, juu kabisa ya barabara. Maji ya kunywa ni ya moto, mchana na usiku, na chupa ya chai haikosi mezani hata kama ndani yake hamna majani. Milango mingi imebandikwa karatasi nyekundu zenye maneno ya heri, na chini, karibu na sakafu, baadhi yao huweka kijisanamu na kukichomea udi. Hapo sisi hatuna sehemu, na tulipita tukiangalia mbele. Lakini udi ule ulitufahamisha jambo moja la mezani: usikichomeke kijiti cha kulia wima katika bakuli la wali, kwani hufanana na udi wanaowasimamishia wafu wao, na mwenye nyumba ataona umemletea msiba.

Mambo ya namna hii ni mengi, na mgeni hukosea bila ya kujua. Tulikuwa tumemnunulia bibi yule saa nzuri ya ukutani iwe ndiyo msamaha wetu. Mkwe wetu alipoiona akashika kichwa. Katika lugha yao, kumpa mtu saa hutamkika sawa na kumshughulikia mtu anayekufa. Saa ile sasa iko Mombasa, ukumbini kwetu, na inakwenda vizuri.

Siku zile tulikuwa tukila katika vibanda vya tambi vya ndugu zetu Wahui, Waislamu wa Uchina, ambao wengi wao hutoka mikoa ya kaskazini-magharibi ya Gansu na Qinghai. Akina mama wanaokwenda kununua bidhaa huko wavijue vibanda hivi. Ubao wake mara nyingi ni wa kijani, una maneno mawili ya Kichina, qingzhen, ambayo maana yake ni safi na kweli. Hata hivyo tazama mezani; ukiona pombe, ondoka. Wala usidhani mkate au keki isiyo na nyama imesalimika, kwani mafuta ya nguruwe hutiwa katika vitu vingi vya tamutamu.

Mpishi huchukua donge la unga wa ngano, akalivuta kwa mikono miwili, akalikunja, akalivuta tena. Kila akikunja nyuzi huzidi maradufu, na kwa mara ya nane huwa 256, nyembamba kama uzi wa kushonea kofia. Huzitosa katika maji yanayochemka, akazimiminia mchuzi mweupe wa ng'ombe, vipande vya figili, kotimiri na mafuta mekundu ya pilipili. Mtoto wa mwenye kibanda alikuwa akifanya kazi zake za shule kwenye meza ya jirani, na mamake, mwenye mtandio wa rangi ya zambarau, akipokea pesa na huku akimsahihisha.

Huyo mama ndiye tuliyemweleza kisa chetu, mkwe akitufasiria. Alicheka kwanza. Kisha akasema kuwa wao wameishi na majirani wa namna hiyo tangu enzi za mababu, na hawali katika vyungu vyao, lakini mkono wa jirani hawaukatai. Tunda zima hulipokea. Njugu, chai, yai ndani ya ganda lake, vyote hupokea. Na wao hutangulia kupeleka, ili jirani ajue kuwa kinachokataliwa ni nyama wala si yeye.

Tuliona haya. Habari ya Abdullah bin Amri, ambaye alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza na kurudia kama jirani yao Myahudi amepelekewa, tumeisomesha darasani mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Mtoto alipotimiza mwezi tukafanya kama mama yule alivyotuelekeza. Kwa Wachina, siku hiyo watu wa mtoto hugawa mayai yaliyochemshwa na kutiwa rangi nyekundu. Binti yetu akayachemsha, akayatia rangi, akaongeza mahamri aliyoyakaanga mwenyewe na korosho tulizotoka nazo Kilifi. Akaanza na mlango ule. Sisi tulisimama nyuma kidogo. Bibi alifungua, akayatazama mayai, akamtazama mtoto, na kwa muda hakusema kitu. Mkwe akamweleza kwa Kichina habari ya nguruwe na dini yetu, jambo lililopaswa kuelezwa siku ya kwanza. Bibi akapiga paja lake, akasema maneno mengi kwa haraka. Mkwe alitufasiria machache tu: alidhani mzazi amemwona mchafu.

Baada ya siku mbili alibisha hodi yeye, na sanduku mkononi. Ndani yake mlikuwa na chungu kipya cha udongo, bado kina karatasi za dukani. Alisema chungu hicho hakijapata kuingia nyama yoyote, na kikae nyumbani kwa mzazi, kisitoke.

Ijumaa tulikwenda kusali katika msikiti wa Xianxian, palipo na kaburi ambalo wenyeji hulinasibisha na Sa'ad bin Abi Waqqas, ingawa maulamaa wanajua kuwa yeye alizikwa Madina. Nje ya msikiti siku hiyo huwa na soko, na hapo tukanunua miguu ya kondoo. Tangawizi na siki tuliandikiwa na bibi mwenyewe.

Siku tuliyoondoka alikuwa jikoni kwa binti yetu, champali za wageni miguuni, akionja mchuzi kwa kijiko na kutikisa kichwa kwamba tangawizi bado ni chache.