Wasiwasi na chupa ya mafuta

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo, msomaji wangu, nimekuja na maradhi ambayo sisi watu wa pwani twayajua kwa jina, twayafanyia mzaha barazani, lakini hatuyaiti maradhi. Nayo ni wasiwasi. Sisemi wasiwasi wa mama ambaye mwanawe amechelewa kurudi, wala wa mtu angojaye hukumu ya kesi. Hao wana sababu yao. Nasema wasiwasi wa mtu anayetawadha, akamaliza, akasimama, kisha akarudi bombani kwa kuwa moyo wamwambia maji hayakufika kisiginoni. Akatawadha tena, akarudi tena, hata jamaa wakatoa salamu naye angali ameinama, maji yamtiririka.

Nimeyaona haya kwa macho yangu Kisumu, nyumbani kwa dada yangu aliyeolewa huko miaka mingi sasa. Kisumu si ugenini kwa Mswahili. Reli ilipofika ziwani mwezi wa Disemba 1901, na mji ule ukiitwa Port Florence, ilifika pamoja na watu wetu. Na kabla ya reli, misafara ya pwani ilikuwa ikifika Mumias kwa Nabongo Mumia, na huko Uislamu ukashika mizizi. Basi ukipita mtaa wa Kaloleni wakati wa alasiri, utasikia Kiswahili na Kijaluo vikipokezana mlango kwa mlango, na adhana juu yake. Nilijiona nyumbani.

Alfajiri ya kwanza niliamshwa na sauti ya maji. Maji yakimwagwa, yakinyamaza, yakimwagwa tena. Nilidhani kuna mtu anayefua. Nilipochungulia nikamwona mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na minne, amekaa kwenye kigoda na mtungi wa lita ishirini mbele yake. Nilihesabu. Mkono wa kulia peke yake aliuosha mara kumi na saba. Jua lilipochomoza alikuwa hajasali.

"Kaka," dada yangu akaniambia baadaye kwa sauti ya chini, "mwana huyu animalizia mtungi mzima kwa sala moja. Na maji twanunua kwa mkokoteni. Lakini si maji yanayoniliza. Kazi imemtoka."

Kufuli la dukani

Jioni ile nilimchukua kijana tukaenda Dunga, ufukweni. Wavuvi walikuwa wakitayarisha taa zao za kuvulia omena usiku, na kina mama wakikaanga ngege kwa wageni. Tulikaa kimya kitambo, hata akasema mwenyewe.

"Mjomba, ukinicheka sitakwambia."

"Sitakucheka, mwanangu."

Akanieleza. Alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi, naye ndiye aliyepewa ufunguo wa kufungia jioni. Akifunga, akifika njia panda, moyo humwambia kufuli halikushika. Hurudi akalivuta. Limeshika. Akienda hatua mia, moyo humwambia huenda alipolivuta alilifungua. Siku moja alirudi mara tano, na mara ya sita askari wa doria akamkamata akidhani ni mwizi anayelipima duka. Mwenye duka si mtu mbaya. Alimwambia tu akakae nyumbani mpaka apone. Apone nini, hakuna aliyejua.

Kisha akatia mkono mfukoni akatoa kichupa cha kioo cheusi, kadiri ya chupa ya uturi, chenye kipira cha kudondoshea. Nje kimechorwa jani ambalo hata mtoto wa chuoni alijua, na herufi tatu: CBD.

"Hii ni njaga?" nikamwuliza, kwa neno la Wajaluo la bangi.

"Ndiyo hilo linalonitesa, mjomba. Aliyeniuzia asema si njaga. Asema ni mafuta ya kutuliza wasiwasi."

Aliyatia chini ya ulimi asubuhi na jioni kwa wiki sita. Siku za mwanzo alilala vizuri akadhani Mungu amemfariji. Kisha ikaingia shaka mpya. Je, haya ni kileo? Ulimi wangu una najisi? Nimesikia sala ya mnywaji haikubaliwi siku arubaini. Je, sala zangu zote hizi? Akaanza kusukutua kinywa, mara tatu, mara kumi, mara thelathini, hata fizi zikatoa damu. Yaani dawa aliyoinunua kuondoa wasiwasi ilimletea wasiwasi mwingine.

Ni kitu gani hiki?

Msomaji wangu, mimi si daktari. Lakini niliona aibu kumpa kijana jibu la barazani, nikatafuta kujua.

Mmea wa bangi una vitu vingi ndani yake, na viwili ndivyo mashuhuri. Kimoja huitwa THC, nacho ndicho kinacholevya. Cha pili ni kanabidioli, ndiyo CBD, nacho hakilevyi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakiongozwa na Roger Adams, waliitenga kanabidioli mwaka 1940. Na mwaka 1963 Raphael Mechoulam na wenziwe wakatambua umbile lake. Mwezi wa Juni 2018 serikali ya Marekani iliikubali dawa ya kanabidioli safi kwa wagonjwa wenye aina mbili za kifafa kikali. Kwa hiyo anayesema kwamba hakuna dawa ndani yake amekosea.

Ama kuhusu hofu, mwaka 2011 wataalamu wa Brazil waliwapima watu wanaoogopa kusema mbele ya hadhara. Waliopewa miligramu 600 za kanabidioli mara moja waliongea kwa hofu ndogo kuliko waliopewa kidonge kitupu. Hiyo ni habari njema, lakini ilikuwa hofu ya hadhara na si wasiwasi wa kurudia rudia, na watu wale walikuwa wachache. Tena tazama kipimo: miligramu 600 kwa mara moja. Kichupa kizima cha mpwa wangu kiliandikwa 300.

Na wasiwasi wenyewe je? Mwaka 2020, huko New York, watu 12 wenye maradhi haya walivutishwa bangi yenye THC nyingi siku moja, yenye CBD nyingi siku nyingine, na siku nyingine isiyo na kitu. Wasiwasi wao haukupungua kwa maana yoyote zaidi ya siku ile ya bangi tupu. Watu 12 ni wachache, na utafiti haujafunga mlango. Lakini atakayekuuzia chupa leo akikuhakikishia kwamba wasiwasi wa aina hii utaondoka, akuuzia ahadi ambayo hakuna bado aliyeithibitisha.

Liko na jambo la chupa zenyewe. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa kwenye intaneti. Zilizosema kweli juu ya kiasi kilichomo hazikufika thuluthi moja, na 18 zilikutwa na THC ndani. Ikiwa hivyo ndivyo kwao, ambako maabara ziko kila mji, kichupa kilichopita mikono mitano hata kufika ziwani kina nini? Nilimwuliza sheikh mmoja, akanijibu kwa uangalifu: kisicholevya hukumu yake ni nyingine, na dharura ya tiba ina mlango wake, lakini mtu hujuaje kisicholevya ikiwa hajui kilichomo?

Na sheria ya Kenya? Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 yaharamisha bangi na yataja hata mafuta yake. Ni kweli kwamba mambo yanasukasuka. Mwaka 2017 Gwada Ogot alipeleka ombi lake katika Seneti bangi ihalalishwe, na mwaka uliofuata marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akataka kupeleka mswada. Disemba 2020 Umoja wa Mataifa uliitoa bangi katika orodha ya mihadarati ya hatari kabisa. Lakini askari wa doria hasomi orodha za Umoja wa Mataifa. Kijana aliyeshukiwa wizi kwa ajili ya kufuli, angeshikwa na kichupa kile, angesema nini?

Kwa daktari

Tulikwenda kwa daktari wa maradhi ya akili mjini humo, mama mmoja mpole. Kijana alikaa mlangoni, hakutaka kugusa kiti. Daktari hakumlazimisha. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe huna kichaa wala huna jini. Maradhi haya yana jina, na watu wengi wanayo. Katika kila watu mia, mmoja au zaidi atayapata katika umri wake."

Akatueleza kwamba ziko dawa zilizopimwa kwa maelfu ya watu, kama fluoksetini na klomipramini, na hiyo klomipramini Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa za lazima kwa maradhi haya haya. Hazifanyi kazi kesho. Huchukua wiki hata kumi na mbili. Akaonya pia kwamba CBD na dawa za namna hii husagwa na ini lile lile, moja yaweza kuizidisha nguvu nyingine, na CBD nyingi yaweza kulidhuru ini lenyewe. Kwa hiyo anayetumia asimfiche daktari wake.

Kisha akaleta tiba ya pili, nayo ndiyo iliyonisimamisha nywele. "Utatawadha," akasema, "kila kiungo mara tatu, basi. Moyo utapiga kelele kwamba hukutawadha. Uache upige. Usirudi bombani. Shaka ni kama mtoto anayelilia peremende. Ukimpa kila alipolia, kesho atalia zaidi. Ukivumilia, atachoka."

Nilinyamaza, kwani maneno yale nilikwisha kuyasikia, miaka zaidi ya arubaini iliyopita, katika chuo cha Kurani.

Maneno ya maalimu

Sijapata kuyaandika haya. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nami nilishikwa. Yangu yalikuwa katika nia. Nasema Allahu Akbar, moyo waniambia sikunuia. Navunja sala, naanza tena. Wenzangu walinicheka, wakaniita jina ambalo silitaji hapa. Nililia usiku nikidhani nimelaaniwa.

Maalimu aliniona. Hakunipiga, naye alikuwa mpigaji. Siku moja alisimama karibu yangu, nilipotoa takbiri ya kwanza akanishika mkono nilipotaka kuushusha. Tulipomaliza akaniambia, "Ukiwa hukunuia, dhambi yako iandikwe kwangu. Lakini hurudii." Akanifundisha kanuni ya mafakihi kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafii kuosha mara moja ndiyo faradhi, mara tatu ndiyo suna, na kuzidisha juu ya tatu ni makuruhu. "Unadhani unamcha Mungu," akasema, "kumbe unamtii mwingine." Kila mtoto wa chuo anaijua sura ya mwisho ya msahafu na anajua mwenye kutia wasiwasi ni nani. Ilinichukua karibu mwaka, lakini nilitoka.

Wala maalimu wangu hakuyazua. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh katika nchi iitwayo leo Afghanistan, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na afya ya nafsi, Masalihul Abdan wal Anfus. Maradhi ya nafsi aliyagawa mafungu: hasira, huzuni, hofu, na wasiwasi peke yake. Akashauri mwenye wasiwasi asikae upweke, na ajitayarishie fikira za kupambana na fikira zake. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na sisi tunao urithi huo kabatini, huku watoto wetu wakinunua vichupa gizani kwa kuona haya.

Nilimweleza kijana habari yangu pale pale mbele ya daktari. Akanitazama kama ndiyo kwanza anione. "Wewe, mjomba?" Nikamwambia, "Mimi." Akavuta kiti akakaa.

Baada ya miezi mitatu

Nilirudi Kisumu juzi. Dada yangu alinipokea kwa habari ya mtungi: sasa wapita siku mbili. Kichupa alikitoa mwenyewe kwa daktari. Kazini amerudi, ingawa ufunguo wa jioni bado hajaushika, na kuna siku, aliniambia, mkono humwasha kwa hamu ya maji. Hajapona kabisa, wala sitakudanganya msomaji kwamba amepona. Magharibi tulikwenda msikitini pamoja. Alitawadha mara tatu tatu, akasimama. Akaligeukia bomba. Niliona midomo yake ikitetemeka. Kisha iqama ikakimiwa, naye akaingia safuni, unyayo wake ukagusa wangu.

Ombi langu kwa maimamu na wazazi ni hili: mkimwona kijana hatoki bombani, msimcheke, wala msimkimbilizie mganga wa majini kabla ya yote. Mwambieni kanuni ya mafakihi, kisha mshikeni mkono mumpeleke kwa daktari. Na kwa kijana mwenyewe namalizia kwa ubeti huu:

Wasiwasi ukibisha, usifungue mlango,
Ukidai hukuosha, huo ni wake uwongo,
Mara tatu zinatosha, kuzidisha ni usongo,
Yakini ikikuvusha, shaka uipe mgongo.

Wabillahi taufiki.