Mashine Inayopanda Mlima

Nilijifunza kuchomelea hapa Same mjini kwa transfoma ya zamani, dude la kubebwa na watu wawili. Aliyekatikiwa na kitu huko milimani Upare alilazimika kukishusha hadi kwetu. Sasa napanda mimi. Inveta, mashine ya kuchomelea ya kilo kama tano, naitia begani, napanda bodaboda hadi Mamba Miamba kwenye mashamba ya tangawizi, na keria ya pikipiki iliyokatika naiunga palepale.

Wepesi huo una sababu. Umeme wa gridi yetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na kwa mwendo huo wa polepole transfoma lazima iwe kubwa. Inveta huunyoosha kwanza uwe wa mwelekeo mmoja, kisha transista huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kasi hiyo transfoma ndogo tu inatosha. Mwishoni umeme hunyooshwa tena, moto ukatulia, na bomba jembamba halitoboki ovyo.

 

Adui wa inveta ni vumbi, na Same tunalo. Baya zaidi ni unga wa chuma wa grainda: feni huuvuta ndani, ukatua kwenye saketi, mashine ikaungua. Iweke mbali na grainda. Joto nalo huiua: ukiona kwenye mashine muda wa kazi umeandikwa asilimia 60, katika dakika kumi choma sita, nne ipoe. Na waya wa kuvutia umeme uwe mnene. Mwembamba na mrefu hula volti, ukadhani mashine ni mbovu.