Kicheza Muziki Hakionekani? Usikubali Kifomatiwe (Sehemu ya Pili)

WIKI iliyopita tulizungumzia flashi. Leo ni zamu ya kicheza muziki cha mfukoni, ambacho mtu wa Kilwa Kisiwani kikimgomea hana budi kupanda mashua hadi Kilwa Masoko kumtafuta fundi. Kompyuta yake yenye Linux "haikioni". Mafundi wengi wana jawabu moja tu: tufomati, yaani tufute kila kitu kilichomo. Lakini ndani ya kifaa hicho huenda kuna kaswida za maulidi ya mtaani, au sauti ya bibi aliyekwisha kufariki, na hakuna nakala kwingine. Kufomati kuwe hatua ya mwisho kabisa.

Kifaa cha USB kinapochomekwa hupiga hodi. Kompyuta hukipa umeme wa volti 5, nacho hujitambulisha kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Apple ni 05ac, SanDisk ni 0781. Fungua terminali, andika lsusb kabla ya kuchomeka. Kisha chomeka, uandike tena. Ukiona mstari mpya, hodi imesikika, na kwa kawaida tatizo liko kwenye programu. Usipouona, hakuna programu ya muziki itakayokufaa. Shughulika na waya, tundu na umeme.

Anza na waya. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Nyaya nyingi za bei poa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu zina zile mbili za kwanza peke yake. Kifaa kitachaji, taa itawaka, na kompyuta isijue lolote. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba waya ni mzima.

Pwani ya Kilwa ina adui mwingine, naye ni chumvi. Hewa ya bahari hula vile vibati vidogo vya shaba ndani ya tundu, na matone ya mawimbi wakati wa kuvuka huharakisha kazi hiyo. Zima kifaa na kompyuta, safisha matundu kwa mswaki laini uliochovywa kidogo kwenye spiriti, acha vikauke. Safarini kiweke kifaa kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

Umeme nao husumbua. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500, lakini kigawanyishi cha matundu kisicho na umeme wake chenyewe hukipa kila kifaa 100 tu. Kicheza muziki kinachoomba zaidi hukataliwa. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama betri imekwisha kabisa, kichaji kwanza.

Sasa andika sudo dmesg. Hapo utasoma kumbukumbu za kiini cha mfumo. Namba -71 inaonyesha kwamba mazungumzo yalivurugika. -110, kwamba kifaa hakikujibu kwa wakati. Zote mbili kwa kawaida hukurudisha kwenye waya, tundu au umeme. Inasikitisha kwamba ujumbe wa kiini bado ni Kiingereza kitupu.

Hodi ikisikika na nyimbo zisionekane, uliza kifaa kinazungumza kwa mtindo gani. Vingine hujitokeza kama flashi, mtindo uitwao MSC. Vingine hutumia MTP, ambayo katika Linux huhitaji maktaba ya libmtp. Sansa Clip ya SanDisk inaweza yote mawili, na hapa ndipo watu hulia bure: nyimbo zilizoingizwa kwa mtindo mmoja hazionekani kwenye kompyuta ukiunganisha kwa mtindo mwingine, ingawa kifaa chenyewe kinazipiga. Badilisha mtindo kwenye mipangilio yake, utazikuta zote. Tena, MTP haipendi kuhudumia programu mbili kwa pamoja. Funga dirisha la mafaili kabla ya kufungua programu ya muziki kama Rhythmbox.

iPod ina ukaidi wa peke yake. Haipigi wimbo uliouburuta tu kwenye folda, kwa sababu hufuata orodha yake ya siri. Tumia programu yenye maktaba ya libgpod. Na kama iliandaliwa kwenye Mac, Linux huweza kuisoma bila kuruhusiwa kuiandikia. Huo si ubovu, na nyimbo unaweza kuzinakili.

Hivyo, fundi akikwambia dawa ni kufomati, mwombe kwanza akuonyeshe lsusb inasema nini. Akishindwa, chukua kifaa chako uondoke.