Inveta ya mota: bei peke yake haitoshi

Mnunuzi wa inveta ya kuendeshea mota kwa kawaida huuliza mambo mawili: nguvu na bei. Lipo la tatu, ambalo halimo kwenye kibandiko: jinsi kifaa kinavyofidia volteji inayopotea ndani yake.

Inveta hupokea umeme wa viwandani wa volti 400, huugeuza kuwa umeme mnyoofu wa volti 540 hivi, kisha transista huukatakata ili mota izunguke kwa kasi inayotakiwa. Transista hufanya kazi mbili mbili, ya juu na ya chini. Zikiwaka pamoja hutokea shoti na zote huungua. Kwa hiyo huwekwa pengo ambamo zote mbili zimezimwa, mara nyingi la mikrosekunde 1 hadi 5, yaani sehemu za milioni za sekunde.

Pengo ni dogo, lakini halikomi. Inveta inayokata umeme mara 10,000 kwa sekunde, ikiwa na pengo la mikrosekunde 3, hupoteza asilimia 3 ya volti 540, yaani volti 16 hivi.

Mota ikienda kasi kamili, ambapo kila njia hupata volti 230, hasara hiyo huvumilika. Ikishushwa hadi sehemu moja ya ishirini ya kasi, huhitaji volti 12 hivi tu. Hapo hasara imezidi mtaji: mota hutetemeka, hupata joto na kushindwa kuondoa mzigo.

Dawa ni programu inayotazama mkondo unaelekea upande gani na kuongeza volteji iliyopotea. Ugumu upo mkondo unapokaribia sifuri. Upande ukikosewa, fidia huongeza kosa. Hapo ndipo inveta mbili za nguvu sawa hutofautiana.

Kwa mwenye pampu au feni, ambazo ni nadra kwenda polepole sana, hakuna haja ya kulipia zaidi fidia ya hali ya juu. Mwenye winchi, lifti ya mizigo au mashine ya kuviringisha karatasi hana budi kuijali, kwani mzigo wake hubebwa taratibu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe mota ijaribiwe ikiwa na mzigo, kwa mizunguko 2 au 3 kwa sekunde ya umeme. Ikitetemeka dukani, haitatulia kiwandani.